Arusi, Mvua, na Picha

Somo: Yohana 2, 1–11



Katika vilima vyetu vya Ngara mvua za vuli huanza Septemba au Oktoba, na za masika hufuata hata mwezi wa Mei. Basi hapa Mugoma, arusi isipofungwa katika miezi ya kiangazi, yaani Juni hata Agosti, ni vigumu kuepukana na mawingu. Zamani watu hawakusumbuka sana kwa jambo hili. Mvua ikishuka waliingia ndani, ikikatika walitoka, na shangwe ikaendelea. Siku hizi jambo limekuwa zito kwa ajili ya picha. Bibi arusi amevaa nguo nyeupe, udongo wa njia ni tope, mpiga picha amekwisha kulipwa, na watu wote wanatazama juu kana kwamba baraka ya ndoa inatoka katika mawingu.

Tena wako vijana wanaoahirisha ndoa kwa sababu hiyo. Husema, “Mchungaji, na tungoje kiangazi, picha zipate kupendeza.” Walakini wengi hawangoji kila mtu kwa wazazi wake. Hukaa nyumba moja pasipo agano, hujitenga na Meza ya Bwana, na mara nyingine mtoto huzaliwa kabla ya ahadi kutolewa. Picha ilikusudiwa iwe ukumbusho wa ndoa, nayo sasa yaizuia ndoa. Hiyo ndiyo sababu ya kuwaandikia.

Na tuitazame arusi ya Kana. Jina la bwana arusi hatulijui, wala sura ya bibi arusi. Yohana hakutuambia nguo zao zilikuwa za namna gani, wala kama siku ile palikuwa na jua. Alitwambia ya kwamba Yesu alialikwa, na ya kwamba kitu kilipungua. Divai ilikwisha wageni wakiwapo, nayo ilikuwa aibu kubwa kwa wenyeji, kama ambavyo kwetu ingekuwa aibu wageni kurudi kwao na njaa. Bwana hakumlaumu mwenye karamu, wala hakusema watu waende zao hata siku nyingine iliyo njema. Alitenda kazi yake pale pale palipopungua, kwa maji yaliyopatikana, na kwa mikono ya watumishi waliotii. Arusi ile imekumbukwa karibu miaka 2000, na hakuna picha yake hata moja.

Sisemi ya kwamba picha ni mbaya. Wako wajukuu ambao hawakumwona babu yao ila katika picha. Nasi watu wa Ngara tumeona jinsi picha inavyoweza kumtumikia mwanadamu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia wilaya yetu, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Katika miaka ile mashirika ya misaada yalipiga picha za watoto wa namna hiyo na kuzionyesha kwa watu, ili jamaa zao wapate kuwatambua. Hiyo ilikuwa kazi ya upendo.

Lakini picha pasipo jina husahau upesi. Wamisionari wa Leipzig waliokuwa Kilimanjaro kabla ya vita ya 1914 walipiga picha nyingi, nazo zimehifadhiwa hata leo. Ziko ambazo watu waliomo hawakuandikwa majina yao. Sura yaonekana, lakini mwenye sura hajulikani. Kitabu cha ndoa cha usharika hakina sura, bali kina majina, siku, na mashahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa, na mashahidi wasiopungua 2 wawepo; haikutaja mpiga picha. Mjane akiambiwa na ndugu wa marehemu ya kwamba hakuwa mke wa halali, cheti kitamtetea kuliko picha mia. Basi walimu, mwangalie kwanza ya kuwa majina yameandikwa sawasawa na cheti kimetiwa sahihi, ndipo watu watoke kwenda kupigwa picha.

Sasa nina maneno machache kwa wale washikao kamera, na wale wenye simu pia, maana wengi wao ni watoto wa sharika zetu.

Agano linapofungwa, msiingie kati ya mchungaji na maarusi, wala msiwaambie warudie kuvishana pete ili ionekane vizuri. Wakati wa sala, simameni kimya.

Msiyaogope mawingu. Mwanga wake ni laini, hautii vivuli vyeusi usoni kama jua la saa sita, wala hauwafanyi watu wakunje macho. Wasimamisheni maarusi barazani, karibu na ukingo wa paa, nyuso zao zielekee nje kwenye mwanga. Mvua inaponyesha msiwashe taa ya kamera, maana matone yaliyo karibu hung'aa na kuijaza picha madoa meupe. Ifunikeni kamera kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele, na kitambaa kikavu kiwe mfukoni. Mkitoka kwenye baridi na kuingia katika kanisa lililojaa watu, kioo chake hufanya ukungu. Ngojeni kidogo, kisha kipanguseni.

Tena, msiwaweke wageni mvuani kwa ajili ya picha. Turubai likiwa dogo, wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga waingie kwanza.

Ngurumo zikisikika, acheni kazi, watu wote waingie ndani ya nyumba imara. Mtu asisimame chini ya mti, wala kilimani penye uwazi na mwavuli mkononi. Mwezi wa Januari 2025 radi iliua wanafunzi wa shule ya sekondari ya Businda, wilaya ya Bukombe, katika mkoa wa Geita, nao walikuwa darasani. Ikiwa ndani ya nyumba yaweza kuwa hivyo, je, huko nje? Hakuna picha inayolingana na roho ya mtu.

Nanyi mnaotaka kuoana, sikieni. Mvua inayolowesha nguo ya bibi arusi ndiyo inayonywesha maharage na migomba, na karamu yenu imetoka humo. Tulipokosa mvua tulisali kanisani tukaiomba. Je, tumnung'unikie Mungu akiileta siku ya Jumamosi yetu? Msiseme ni ishara ya laana. Mungu huwanyeshea watu wote, wenye arusi na wasio na arusi.

Katika ndoa zitakuja siku ambazo kitu kitapungua: chakula, afya, au uvumilivu. Siku hizo hamtaweza kuziahirisha. Yafaa bwana arusi ajifunze tangu siku ya kwanza kumshikia mkewe mwavuli, ajapolowa yeye mwenyewe. Mpiga picha akiipata picha hiyo, na aiweke; watoto wenu wakiiona watajua jinsi baba yao alivyoanza.

Kwa hiyo, kama matangazo yametolewa na mashahidi wako tayari, msingoje kiangazi. Mwalikeni Yesu kwanza, ndipo mwaalike wengine. Bwana azibariki nyumba zenu, za sasa na zile zitakazojengwa. Amin.