Mto wa Kulalia

Wako watu waaminio kwamba raha ya mwili ni adui wa uthabiti wa moyo. Godoro laini kwao ni mwanzo wa uvivu, na mto wa kulalia ni kitu cha watoto na wagonjwa. Marehemu mjomba wangu, aliyenilea, alikuwa mmoja wao. Alilala mkekani, kichwa juu ya mkono wake, na kila asubuhi alijisifia jambo hilo kama mtu aliyerudi vitani na ushindi. Sisi vijana wa nyumba yake tulinyimwa mito kwa hoja iyo hiyo. Najiuliza hata leo: je, aliyejikataza raha ana haki ya kumkataza na mwenziwe?

Mambo ya kale hayamwungi mkono. Wamisri walilaza vichwa juu ya vigogo vilivyochongwa, na katika kaburi la mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, mlikutwa vya pembe na vya kioo. Wanaume wa Kiturkana, katika nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, wana desturi ya kuchukua kigogo kidogo safarini. Mchana hukikalia, usiku hukilalia, nywele zao zilizopambwa zisiharibike. Hakuna atakayethubutu kusema kuwa wachungaji hao wamedekezwa.

Kwetu pwani kazi hii tumempa msufi. Sufi zake ni telezi mno, hata ni shida kuzisokota ziwe uzi. Hazimvishi mtu nguo. Walakini ni nyepesi, wala hazinywi maji upesi, kwa hiyo zamani zilijazwa pia katika maboya ya kuvaa mabaharia. Kitu kilichokataliwa na mfumaji kiliinua kichwa cha aliyelala na cha aliyekuwa akizama.

Nyumbani kazi za mto ni nyingi. Mja mzito huuweka kati ya magoti; mama anyonyeshaye huupakata chini ya mtoto, ingawa mchanga mwenyewe halazwi juu yake, usije ukamziba pumzi. Bibi arusi hutarizi foronya kwa maneno ya kumtakia mwenziwe usingizi mwema. Mwenye fedha chache huzificha ndani yake, na mwenye huzuni huficha humo kilio ambacho hataki kisikike chumba cha pili. Nadhani hakuna chombo cha nyumbani kijuacho siri zetu zaidi, nacho hakina kinywa.

Mjomba alipoingia uzeeni, moyo wake ulidhoofika. Usiku mmoja alishindwa kulala chali. Alikaa akitweta, macho yamemtoka. Tabibu alieleza kwamba moyo dhaifu huacha maji yajae katika mapafu, na mgonjwa akilala kitako cha kichwa kikiwa chini huzidiwa. Kifua kikiinuliwa, pumzi hupata nafasi. Tangu hapo nimeelewa kwa nini matabibu humwuliza mgonjwa wa namna hiyo analalia mito mingapi. Ilihitajiwa mitatu. Nyumba nzima ilikuwa na mmoja, wa mkaza mjomba, alioununua kwa fedha yake mwenyewe na kuuficha sandukuni miaka mingi. Aliutoa bila neno, na ukimya wake uliniumiza kuliko lawama. Wa pili tuliuazima kwa jirani, tukamgongea usiku wa manane. Wa tatu tuliufanya kwa kanga zilizokunjwa.

Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara. Haikunipitia kamwe kununua mto kwa ajili ya nyumba ile. Nilikuwa nimeiita hali hiyo heshima kwa mkubwa wangu.

Alfajiri mjomba alipata nafuu akapapasa nyuma ya mgongo wake.

"Mwanangu, huu wa katikati ni wa nani?"

"Ni wa jirani, mjomba."

"Urudisheni kabla ya magharibi. Naye ana kichwa."

Tuliurudisha. Siku ile ile nilikwenda sokoni kununua sufi.