Goti Linalolishwa na Mzigo

Weka kiganja juu ya goti lako, kisha ulikunje taratibu. Hapo chini ya mkono wako mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi, pia ya goti ikiwa mbele yake, na kano imara zimevifunga visiachane. Kati ya mifupa Muumba ametandika gegedu, laini na lenye kuteleza.

Ajabu ni kwamba gegedu hilo halina mishipa ya damu. Basi hulaje? Uzito ukilikandamiza, hujikamua kama sifongo. Uzito ukiondoka, hufyonza ute wenye chakula chake. Mzigo tunaodhani unalichosha ndio unaolilisha!

Ni wachache walioyatwisha magoti yao kama Anthony Muñoz, aliyezaliwa mwaka 1958 huko Ontario, California. Katika futiboli ya Kimarekani, jitu hili la karibu mita 2 na zaidi ya kilo 120 halikuwekwa uwanjani kufunga. Kazi yake ilikuwa kusimama kushoto mwa safu ya mbele na kuwazuia wababe wasimfikie mrusha mpira wa timu yake. Macho ya watu yaliufuata mpira. Yeye alikuwa nguzo.

Alipokuwa Chuo Kikuu cha Southern California, magoti yake yalipasuliwa mara tatu. Msimu wa 1979 aliumia katika mechi ya kwanza kabisa. Lakini tarehe 1 Januari 1980 alirudi kucheza mechi ya Rose Bowl, akamfungulia njia mkimbiaji Charles White, na chuo chake kikaishinda Ohio State 17 kwa 16. Daktari hushona; kuunga kwa nyama ni siri aliyoitia Mungu mwilini.

Mwaka huohuo, timu za kulipwa zilipochagua wachezaji kutoka vyuoni, Cincinnati Bengals walimchagua akiwa wa tatu nchi nzima. Kabla ya hapo kocha wao Forrest Gregg, naye mkongwe wa safu ya mbele, alimjaribu kwa kumvamia mwenyewe, akajikuta chali. Muñoz alicheza misimu 13 na mechi 185, akateuliwa mara 11 mfululizo kwenye mchezo wa nyota, Pro Bowl. Mwaka 1998 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo huko Canton, Ohio.

Nawe leo ukipanda ngazi au ukiinuka na ndoo ya maji, goti lako litakuwa linakula. Atukuzwe aliyekificha chakula ndani ya mzigo.