Deni la Mgeni

Katika Kigiriki cha kale, neno xenos lilikuwa na maana ya mtu asiyejulikana, na pia ya mtu aliyekaribishwa nyumbani. Kiswahili nacho kimetosheka na neno moja: mgeni. Jambo hili nililiwaza nikiwa katika kisiwa kidogo cha Schoinousa, kati ya Naxos na Amorgos, ambako mashua yetu ya tanga ilizuiwa siku mbili na meltemi, upepo mkali wa kaskazini uvumao huko wakati wa kiangazi.

Bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi alituita barazani kwake. Alituandalia mkate, jibini, zeituni na samaki wa kuchoma. Tulipokwisha kula, ndipo alipouliza tumetoka wapi. Ndivyo wafanyavyo wenyeji wema katika utenzi wa Homer uitwao Odyssey: mgeni hulishwa kwanza, jina huulizwa baadaye. Nilipotoa fedha, bibi aliusukuma mkono wangu, akakunja uso kana kwamba nimemtukana.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimkumbuka mzee mmoja aliyebisha hodi kwangu, mvua ikinyesha, zamani nilipokuwa mwalimu mkuu. Nilimhoji mlangoni jina, kwao na shida yake, kisha nikamwelekeza njia ya kituo cha basi. Sikumpa hata maji.

Je, ukarimu hulipwaje? Yule bibi alikataa malipo, na yule mzee sitamwona tena. Naamini deni la mgeni halirudi lilikotoka. Huenda mbele, kwa yule atakayebisha hodi kesho. Nami, uzeeni, najizoeza kufungua mlango kwanza, maswali yafuate.