Pole ya Asiyejua

Katika historia ya utumishi wa nyambizi ya Kiingereza Tradewind, tarehe 18 Septemba 1944 huweza kuelezwa kwa mstari mmoja: karibu na pwani ya magharibi ya Sumatra ilizamisha meli ya mizigo ya Kijapani, Junyo Maru, tani 5,065. Mstari huo ni wa kweli. Ila ndani ya meli hiyo walikuwamo wafungwa wa vita wapatao 2,300, wengi wao Waholanzi, pamoja na Wajava wapatao 4,200 waliokuwa wakipelekwa kwenye kazi ya shokoa, kujenga reli ya Pekanbaru. Walikufa zaidi ya 5,600.

Nahodha wa nyambizi, Lynch Maydon, hakujua. Alichokiona kwenye darubini yake kilikuwa meli kuukuu ya adui ikisindikizwa. Wajapani hawakuwa wameitia alama yoyote ya kuonyesha kuwa imebeba wafungwa, na mtu aliyeshindiliwa ndani ya tumbo la meli haonekani kwa darubini. Makombora mawili yakapiga. Hatia, kwa maoni yangu, wanayo waliowashindilia wale watu humo, wala simwoni wa kunibishia.

Lakini je, asiye na hatia hadaiwi kitu? Wapo wanaojibu kwamba vita ni vita, kisha wakaendelea kunywa chai. Jibu hilo ni jepesi mno.

Sheria ya Kiislamu inamtenga aliyeua kwa kukusudia na aliyeua kwa bahati mbaya. Huyu wa pili halipiziwi kisasi. Hata hivyo haachwi aende zake hivi hivi: kuna kafara, nayo ni kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo; tena kuna diya kwa wafiwa, isipokuwa wasamehe. Na diya hiyo, wanasema mafakihi, hubebwa na jamaa za muuaji, si yeye peke yake. Sisemi kwamba Maydon alipaswa kuhukumiwa kwa sheria hiyo. Nasema tu kwamba waliolifikiria jambo hili zamani waliona kuwa kutokuwa na dhambi ni kitu kimoja, na kutokuwa na deni ni kitu kingine. Na kwamba deni lenyewe huwafikia hata waliomtuma.

Lugha yetu nayo inalijua hilo. Mtu akijikwaa mbele yako unampa pole, ingawa jiwe hukuliweka wewe. Samahani hukiri kosa. Pole haikiri chochote, na bado ukimnyima mwenzio utaonekana huna utu.

Tatizo ni nani apewe. Wafungwa wa vita walikuwa na majeshi yao, yenye orodha za majina na namba. Wale Wajava wengi wao majina yao hayajulikani, na waliookolewa hawakuzidi mia mbili hivi. Kule vijijini Java walisubiriwa na watu ambao hakuna aliyewapelekea habari. Tradewind yenyewe iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1955. Wafungwa karibu 680 waliookolewa baharini walipelekwa kwenye ile ile reli, ikakamilika tarehe 15 Agosti 1945, siku ambayo Japani ilitangaza kusalimu amri.