Namba Isiyojulikana Asili Yake

Vijana wangu mnaosoma Chiromo, nanyi mnaoanza kazi katika Idara ya Hali ya Hewa, Dagoretti Corner, nisikilizeni kabla hamjaigusa faili ya kifaa cha zamani.

Najua mlivyo wepesi. Mnapewa data ya kifaa kikuukuu, programu yake haiuzwi tena, na kitabu cha mtengenezaji hakionekani. Kebo mtaipata kwenye maduka ya Luthuli Avenue. Maana ya zile baiti haiuzwi huko. Basi mnakisia, namba zinatokea, grafu inapendeza, mnapigiana makofi. Makofi hayo ndiyo yanayonitia hofu.

Chukueni kanieneo ya hewa. Dagoretti iko mita 1,798 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kipimo cha kituoni huwa karibu hektopaskali 820. Kifaa kinaweza kuihifadhi 820.0 bila nukta ya desimali, yaani 8200, katika baiti mbili ambazo kwenye kioo, kwa heksadesimali, huonekana 20 08. Mashine nyingine hutanguliza baiti kubwa, nyingine ndogo. Zisomeni kinyume, 08 20, na 8200 inageuka 2080, yaani hektopaskali 208. Kwa kipimo cha ardhini mtashtuka mara moja. Lakini tangu 1996 Idara ya Hali ya Hewa imekuwa ikirusha maputo ya kupima ozoni kutoka Nairobi kwa ushirikiano na Uswisi, na puto likifika kilomita 12 hivi angani hukutana na kanieneo hiyohiyo ya 208. Anayekagua mstari mmoja ataapa kwamba amepatia. Choreni safari nzima: puto likipanda, kanieneo hushuka mfululizo. Ikirukaruka, huenda mmekosea mpangilio wa baiti, hata kama nusu ya namba zinavutia.

Saa nayo ina hila zake. Vifaa vingi huandika muda wa kimataifa, UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Joto la Nairobi hufika kileleni alasiri. Mkiona siku baada ya siku limefika kileleni saa sita mchana, shukuni saa kabla ya kulishuku jua. Na mkikuta -9999, hiyo si baridi, ni pengo la data. Msiitie kwenye wastani, tafadhali.

Msiandike juu ya faili asili. Fanyeni kazi kwenye nakala, na kila mnachokisia kiandikeni pamoja na sababu yake, ili wa baadaye aweze kuwapinga.

Halafu tafuteni daftari la mtazamaji wa kituo. Kipimo alichoandika kwa kalamu saa tatu asubuhi, ambayo ni 06 UTC, kina uzito zaidi kuliko makisio yenu yote. Kipimo hicho na namba zenu visipolingana, grafu isitoke ofisini.

Waliokiendesha kifaa hicho wamestaafu, lakini wengine wako hapo tu Kikuyu na Ngong. Wapigieni simu wiki hii, mkawaulize kila safu ilipima nini, na mwandike majibu yao.