Umakini ni Deni la Nani?

Neno makini tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao huelezea kitu kilichotulia imara mahali pake. Twalitaja mapema kwa sababu wengi wetu walimu, tunapomwambia mwanafunzi "Kuwa makini!", twamtaka afanye kinyume: akunje uso, azuie pumzi, akaze shingo. Kosa hili aliliona Mfaransa Simone Weil, aliyepata kuwa mwalimu wa falsafa, katika insha yake ya mwaka 1942, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Mtoto aliyeamrishwa hivyo hukaza misuli tu, na akili haishiki kitu.

Wako wasemao kwamba kijana wa leo hana umakini kabisa, simu imeumaliza. Hatukubali upesi. Vijana hao hao tumewaona jioni hapa Uganda wameuzunguka ubao wa omweso, ndugu wa bao la Waswahili, wenye mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huhesabu kwa macho, bila kugusa, kete zitaishia wapi na zitakula ngapi. Akiitwa chakulani hasikii. Basi umakini anao, ila darasani hautoi. Je, tumlaumu?

William James wa Marekani, katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya nafsi cha mwaka 1890, alishikilia kuwa uwezo wa kuirudisha akili iliyotangatanga, tena na tena, ndio shina la busara na tabia ya mtu. Tukimfuata, kutangatanga si hatia, kwani akili ya kila mtu hutoka nje. Lawama, kama ipo, ni ya kutoirudisha. Hata sarufi yetu hutufundisha kazi hiyo. Chukueni sentensi hii: "Vitabu vile viwili vya mwalimu vilivyopotea juzi njiani vimeonekana." Atakayefika kwenye kitenzi hali akili yake ingali na vile vitabu, ndiye atakayepatanisha ngeli bila kukosea. Mwenzake hutuandikia "ameonekana", amemshika mwalimu aliyepita njiani. (Makosa ya namna hii tusiyasahihishe kwa wino mwekundu tu, tumwulize mtoto akili yake ilimwacha wapi.)

Lakini akili hurudi kwa hiari pale inapopokewa. Ubao wa omweso humjibu mchezaji kila anapotia mkono. Je, sisi twamjibu? Kwa maoni yetu, deni hili humwangukia kwanza aliye mkubwa, ndipo limfikie mdogo, ingawa shuleni sisi hulidai kwa mdogo peke yake.

Tunalo la kuungama. Msichana mmoja alisimama kutusomea insha yake juu ya kifo cha bibi yake. Sisi tulikuwa mezani tukijumlisha alama za darasa jingine, sikio moja tumemwachia. Katikati akanyamaza. Bila kuinua macho tukasema, "Vizuri sana, endelea." Darasa zima likacheka. Tulipoinua macho tulimkuta analia, na karatasi ameishusha.

Hakuendelea, wala hatukumlazimisha. Tangu siku ile twajitahidi kulifunga daftari la alama kabla ya mtoto kusimama. Si kila siku tunakumbuka.