Umechoshwa na Nini?

Swali lenyewe niliulizwa nikiwa bado nimeketi juu ya mswala, viatu vya watu wanne vimetapakaa mlangoni, na juu ya meza kuna sahani ya matunda ambayo hakuna aliyeiagiza. Nilikuwa nimesali Adhuhuri rakaa mbili, nikatoa salamu, nikainuka nikasali Alasiri rakaa mbili, nikatoa salamu tena. Rafiki yangu alikuwa akinitazama kutoka kitandani. Tumefundisha shule moja Mombasa miaka 19. Yeye ni Mtaita, Muanglikana wa kuimba kwaya, na nyakati zangu za sala anazijua kuliko ndugu zangu wengine.

"Mwalimu," akasema, "mbona leo umesali nusu?"

Nikamwambia mimi ni msafiri, na msafiri ana rukhsa. Sala za rakaa nne huzikusuru zikawa mbili, na Adhuhuri huikusanya na Alasiri.

Akatazama kitanda, akatazama matunda, akatazama dirishani. Gati la Mina Rashid, bandari ya Dubai, lilikuwa pale pale nje ya meli yetu, halijasogea hata shubiri. "Haya, rukhsa ya uchovu nimeielewa," akasema. "Sasa wewe hapa umechoshwa na nini?"

Mwenzetu mkunga mstaafu alicheka mpaka akashika mbavu. Nilicheka nao, kwa sababu lilichekesha. Baadaye, nilipokuwa nakunja mswala, niliona silicheki tena.

Maana tangu asubuhi sikuwa nimebeba kitu kizito kuliko mkoba wangu. Sisi wanne tuna chama tulichokianza kwa kununuliana masufuria, mwezi huu kwangu, mwezi ujao kwako. Watoto walipoondoka nyumbani na masufuria yakatosha, mwenzetu mwenye duka la leso Biashara Street akasema sasa tuweke za kutembea. Tukaweka miaka minne. Januari tukapanda ndege mpaka Dubai, tukalala usiku mmoja, na saa sita mchana tukawa bandarini. Pale begi lako hupokewa kabla hujafikiria kulitua. Linafungwa lebo yenye nambari ya chumba, linaondoka na toroli, na ukija kuliona tena liko mlangoni pako. Tukapigwa picha, kila mmoja akapewa kadi ya plastiki ambayo ndiyo ufunguo, ndiyo kitambulisho, ndiyo pesa. Vyumba vilikuwa bado vinasafishwa, kwa hiyo tukaelekezwa ghorofa ya juu kwenye chakula. Kila tulipouliza bei tulijibiwa kwa tabasamu. Samaki amelipiwa. Chai imelipiwa. Maji yamelipiwa. Hata bahashishi ya wahudumu ilikuwa imeshahesabiwa kwa kila siku na kila kichwa. Kufikia saa nane neno hilo lilikuwa limeniingia mwilini. Nilikuwa nikikanyaga zulia kama mtu anayedai.

Mimi si mwanachuoni. Nilisoma chuo kwa maalim mmoja wa Mji wa Kale, na fikihi aliyotusomesha ni ya Kishafi, kama ya wengi wa pwani. Kwa fikihi hiyo jibu langu halikuwa na kasoro. Safari ikipita kilomita 80 na kitu, na ikawa si safari ya kufuata maasi, msafiri hukusuru, mradi hajanuia kukaa mahali siku nne kamili. Mwenye duka aliuliza kama meli yenye baa na kamari haiharibu mambo. Mkunga akamwambia kamari ni ya meli, safari ni yetu. Wahanafi wanakwenda mbali zaidi: kwao kukusuru ni wajibu. Na Waibadhi, madhehebu ya Waarabu wengi wa Oman waliokuja pwani yetu, msafiri kwao hukusuru hata miaka ikipita, maadamu hajaufanya mji ule kuwa makao yake. Nyanya yangu alikuwa na jirani wa namna hiyo. Amefungua duka, amelifunga, ameozesha binti, na bado anasali mbili mbili. Ukimuuliza, yeye mpitaji.

Lakini kati ya hao wote hakuna aliyesema uchovu. Wamesema safari. Vitabu vya usuli wa fikihi vina mfano mkongwe wa jambo hili. Mfalme anayesafiri kwa raha zake, ana kivuli, ana watumishi, ana maji baridi, anaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kufupisha sala. Hamali aliye mjini kwake, shingo imezama chini ya mzigo, hana rukhsa hiyo. Hekima ya rukhsa ni kuondoa tabu, lakini sababu yake ni safari, na hukumu hufuata sababu. Maalim aliutoa mfano huo haraka haraka, wenzangu wakaandika, wakapita. Mimi nilikwama hapo, na nadhani nimekwama mpaka leo. Babu yangu alikuwa hamali.

Alikuwa hamali wa Bandari ya Kale, zama ambazo majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi kuanzia Disemba, yameleta tende, chumvi, papa na mazulia, yakirudi na kusi yamejaa boriti za mikoko. Kanda la tende ni mzigo mbaya. Linatoa asali, asali inapenya shati, shati linagandana na ngozi, na nzi wanakusindikiza mpaka nyumbani. Begani babu alikuwa na sugu ngumu kama kisigino. Sisi wajukuu tulikuwa tukiibonyeza na kumuuliza kama anasikia. Alikuwa akisema hasikii. Ramadhani ilipoangukia kaskazi alibeba amefunga, na kwa kuwa kutoka kwake mpaka gatini ni mwendo wa kusoma Ayatul Kursi mara tatu, hakuwa msafiri. Sheria haikumfungia kila mlango: mwenye kazi nzito hunuia usiku, na akizidiwa mchana hata akaihofia nafsi yake, hufungua akaja kulipa. Ila rakaa zake zilibaki nne. Aliyesali mbili ni tajiri wa zile tende, aliyekuja na jahazi na kukaa barazani na buli la kahawa, akihesabu makanda yakipanda ngazi juu ya bega la babu.

Nilijaribu kuitetea sheria, na utetezi upo. Tabu haina mizani. Ukitangaza kwamba rukhsa ni ya aliyechoka, nani atanyanyua mkono wa kwanza? Babu asingenyanyua. Aliyezoea kubebewa ndiye anayelalama lifti ikiharibika. Hatua za njiani zinahesabika, kwa tajiri na kwa maskini. Wanadamu nao, walipotunga sheria zao, walifika pale pale. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unamwekea baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Haumuulizi baharia anajisikiaje. Unahesabu saa, kwa sababu saa bosi hawezi kubishana nazo.

Utetezi huu ungemridhisha kadhi. Mimi ulinieleza kwa nini babu hakupewa. Haukunieleza kwa nini nimepewa mimi.

Saa kumi king'ora kikalia, milio saba mifupi na mmoja mrefu. Ni zoezi la dharura. Tangu 2015 sheria za bahari zinataka abiria wapya wafanyishwe zoezi hilo kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Zamani iliwezekana kungoja hadi saa 24. Funzo lilitoka kwa Costa Concordia, iliyogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, usiku wa 13 Januari 2012. Walikufa watu 32, na mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajaonyeshwa pa kukimbilia. Tukapangwa safu kwa safu, wenye vyumba vya roshani pamoja na sisi wa dirisha lisilofunguka. Aliyesimama mbele kutuonyesha namna ya kufunga jaketi la kuokolea alikuwa kijana yule yule aliyenimiminia chai mchana. Alinyanyua mikono, tukanyanyua. Alinyamaza, tukanyamaza. Imamu na maamuma wake. Siku ya kweli, nikafikiri, huyu ndiye atakayebaki nyuma akihesabu vichwa vyetu, na hilo halimo kwenye ile hesabu ya bahashishi. Kadi yangu ilikuwa inaning'inia shingoni. Mwenye duka aliiona nikiichezea, akanong'ona niiache, nitaipoteza.

Hapo ndipo kisa cha Ya'la bin Umayya kiliponijia, nacho nilikisoma chuoni miaka mingi iliyopita. Aya ya Sura ya An-Nisaa inayotaja kufupisha sala inataja pia hofu ya maadui. Ya'la akamwendea Umar bin al-Khattab: watu sasa wako katika amani, mbona bado wanafupisha? Umar akamwambia hata yeye alilistaajabia jambo hilo, akamuuliza Mtume. Akajibiwa kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa, basi waipokee.

Kumbe swali la Mtaita wangu lina karne 14. Ya'la aliuliza mnaogopa nini, yeye akauliza umechoshwa na nini. Na jibu halikuhangaika kutafuta hofu iliyosalia ili rukhsa ipate mguu wa kusimamia. Limesema sadaka. Hilo si neno jepesi kwa mtu mwenye kadi ya plastiki shingoni, kwa sababu anayepokea sadaka ni fakiri, na fakiri haanzi kwa kusema "haki yangu". Mimi mchana nilisema "nina rukhsa" kwa sauti ile ile ya chai imelipiwa. Kosa langu lilikuwa kwenye sauti. Hukumu niliipata sawasawa.

Jioni mhudumu wa chumba alikuja kubadilisha taulo. Kwenye kibandiko cha kifuani, chini ya jina lake, pameandikwa Kenya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kenya ya wapi?"

"Kisauni."

Tukapiga kelele wanne kwa pamoja. Ulizo la kwanza la mkunga lilikuwa kama anakula vizuri. La mwenye duka, kama mshahara unafika. Mimi nilimuuliza anasali vipi na kazi hii.

"Nasali mama. Natimiza nne zangu nikipata nafasi. Nikikosa, nalipa usiku."

"Mbona hukusuru?"

Akacheka kidogo kwa haya. "Mimi niko kazini, mama. Rukhsa si ya nyinyi mnaotembea?"

Alikuwa amejihukumu kama hamali. Wanavyuoni wetu wa Kishafi walimkumbuka baharia: yule anayeishi chomboni pamoja na ahali zake, aliyeihamishia nyumba yake majini, kwake ni bora atimize. Nikamuuliza mkewe yuko wapi. Kisauni. Ana mtoto? Anaye, yuko Kisauni, amezaliwa yeye akiwa baharini. Mkataba ni wa miezi tisa, na huu ulikuwa wa sita.

"Basi humu ndani msafiri ni wewe," nikamwambia. "Sisi tumekuja kutembea tu. Kusuru, mwanangu, na Adhuhuri uikusanye na Alasiri, usilimbikize za kulipa."

"Hata mimi ninayelipwa?"

"Hata wewe. Mshahara ni mbali. Hii ni sadaka, na tumeambiwa tuipokee."

Akasimama na taulo mkononi akihesabu kitu kwa vidole. "Hapo naokoa kama dakika kumi," akasema. "Nitazilala." Akatoka na tabasamu lingine kabisa, lile la Kisauni.

Meli iling'oa nanga saa tatu usiku. Nilikuwa nimeichelewesha Magharibi niisali pamoja na Isha, na sasa nilikuwa nimepotewa na kibla. Nyumbani sikosei. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo sisi tunaelekea kaskazini moja kwa moja. Kutoka Dubai Makka iko magharibi, imeinamia kusini kidogo, na meli ilikuwa ikigeuka polepole kutafuta mlango wa bandari. Dira ya simu haikusaidia, chuma kila upande. Rafiki yangu wa kwaya ndiye aliyegundua kwamba televisheni ya chumbani ina ramani inayoonyesha omo la meli linakoelekea. Akalala kifudifudi kitandani, akapima kwa mkono. "Kushoto," akasema. "Bado. Bado. Haya, hapo hapo, simama."

Kuhusu babu sina jibu, na namshuku atakayeniletea jibu jepesi. Sadaka haina kipimo cha nani amestahili. Ingekuwa na kipimo, babu angepewa yeye mimi nikanyimwa. Ninachojua ni kwamba aliyepewa asichostahili hana mdomo wa kumfungia mwingine mlango. Na yule kijana, mchana kutwa, alikuwa akibisha mlango ulio wazi.

Nikasali Magharibi tatu, maana hiyo haikusuriwi, kisha Isha mbili. Nilipotoa salamu alikuwa bado ananitazama.

"Nusu tena," akasema. "Umechoka?"

"Sijachoka. Nimepewa tu."

Akafikiri kidogo, akasogea kunipisha kitandani. "Haya, njoo unywe chai," akasema. "Hii imelipiwa."